Honda S2000 kabla ya kuipeleka treki (uwanja wa mbio): nini cha kukagua, na uanzie wapi

Maswali kuhusu S2000, gari la michezo la Honda, ni yale yale kila wakati. Nimepata S2000 nianzie wapi, eti ni kweli injini yake inakufa haraka, huu mlio wa asubuhi ni wa nini, mbona inakula oili. Nimechoka kujibu vipande vipande kwa hiyo nayaweka yote hapa, soma hadi mwisho ndipo ushike spana.

Jibu fupi kwanza. Injini haifi haraka. Ni cc 1997 tu, haina turbo, inatoa nguvu farasi 240 (za Japani 250) na inazunguka hadi karibu 9000 kwa dakika, na zipo zilizokula kilomita nyingi bila kufunguliwa. Ila zile zinazokufa, nyingi zinauawa na vitu viwili: oili iliyopungua bila mwenyewe kujua, na gia iliyoingizwa vibaya. Mengine yote, mlio wa cheni, gia kukwaruza, difu kulia, yanaudhi na yanakula hela lakini yanakupa muda wa kujipanga. Ndio maana mpangilio wangu unaanza na oili na hedi, sio breki kubwa na ekzosi kama watu wengi wanavyopenda kuanza.

Nadharia ni hii tu: pistoni inasafiri mm 84 kwenda na mm 84 kurudi, kwenye 9000 hiyo ni wastani wa mita 25 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kinachotenganisha chuma na chuma ni utando mwembamba wa oili, ukikatika hata kwa muda mfupi sana umekwisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jeki nzuri na stendi nne. Jeki sio stendi, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
- Spana za torki mbili, ndogo ya bolti za 6 mm na plagi, kubwa ya nati za ekseli na matairi.
- Soketi ya plagi ya mm 16 yenye mpira ndani, na ekstensheni ndefu maana plagi zimezama.
- Filagej (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) zenye vipimo vya 0.21 hadi 0.29 mm.
- Kipima kompresheni, na ukiweza kuazima kipima uvujaji wa silinda azima.
- Tochi kali na kamera ndogo ya waya au kioo cha fundi.
- Gasketi mpya ya tapeti kava pamoja na sili za matundu ya plagi.
- Oili lita 5 na filta mpya (ukibadilisha na filta inaingia lita 4.8).
- Kitabu cha huduma cha toleo lako hasa. Namba za torki zimebadilika toleo hadi toleo, usichukue za rafiki yako.

Na panga siku mbili. Kuna vipimo vya injini ya moto na vipimo vya injini iliyolala usiku kucha, huwezi kuvibana asubuhi moja.

1. Jua injini uliyonayo

AP1 na AP2 ni kodi za bodi, F20C na F22C1 ni za injini. AP1 ina F20C, ile ya karibu 9000. AP2 za Marekani kuanzia modeli ya 2004 zina F22C1 ya cc 2157, Japani nao wakahamia huko baadaye, masoko mengine yakabaki na F20C mpaka gari linaacha kutengenezwa mwaka 2009. Kwa hiyo bodi ya AP2 haikuambii injini ni ipi, soma namba iliyogongwa kwenye bloku.

Kosa la kawaida: mtu ana F22C1 anataka ifike 9000 kama za wenzake, anapandisha limita (kikomo cha mzunguko wa injini). Stroki yake (safari ya pistoni) ni mm 90.7, limita ya 8000 na kitu imewekwa kwa sababu. Iache.

2. Washa ikiwa baridi kabisa na usikilize

Kama unakagua gari la mtu, gusa boneti kwanza. Likiwa na joto ujue kuna mtu ameshaliwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Unachotafuta ni mlio kutoka mbele ya injini, kama karata inayogonga spoku za baiskeli, unaosikika sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) au ukipandisha resi taratibu kufika kwenye 2000. Huo ni wa tenshena ya taimingi cheni, kifaa kinachokaza cheni. Mwanzoni unakuja asubuhi tu halafu unapotea, baadaye unabaki mchana kutwa. Karibu kila S2000 itapitia hapo, sio mwisho wa dunia, ila usiipeleke treki hivyo.

Kabla hujaagiza tenshena, shika bati za kukinga joto kwenye ekzosi (injini ikiwa imepoa bana!) uzitikise. Zikishika kutu zinatoa mlio unaofanana kabisa na watu wamebadilisha tenshena nzima kumbe ni bati.

Kubadilisha ni bolti mbili ndogo, Nm 12 tu, zinakatika ukizikaza kwa hasira. Tenshena mpya inaingia ikiwa imebanwa ndani na kufungwa na pini yake, unakaza bolti kwanza ndipo unaiachia. ANGALIA: tenshena ikiwa nje usizungushe injini hata kidogo, cheni ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni.

3. Oili, na hapa usiwe na haraka

Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika chache, vuta dipstiki, futa, rudisha, vuta tena. Najua unajua. Lakini wengi wanapima siku ya sevisi peke yake na hili gari halitaki hivyo. Barabarani pima kila unapojaza mafuta, treki pima kila unapotoka kupumzika. Kukaa juu ya 6000, pale kamu za VTEC (mfumo wa Honda unaofungua valvu zaidi kwenye resi kubwa) zinapoingia, inakula oili, hiyo ni kawaida yake, sio lazima iwe mbovu.

Jaza mpaka alama ya juu, usipitilize sana. Ikizidi krenki inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi chochote.

Taa ya oili usiitegemee. Inawaka presha ikiwa imeshashuka vibaya, na dashibodi haina geji ya presha ya oili wala ya joto la oili. Kama unaenda treki kweli na matairi laini yanayoshika lami sana, geji ya presha ndio kitu cha kwanza kununua, afu sampu (bakuli la oili chini ya injini) yenye vizuizi ndani. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, bomba la kuvuta linanyonya hewa, presha inadondoka na wewe uko kwenye 8000 unafurahia tu.

Ikila kupita kiasi, anza na rahisi: valvu ya PCV, ile ya kutoa mvuke ndani ya injini. Ikichoka inapitisha mvuke wa oili kwenda kwenye intake, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Ukiweka mpya na bado inakula, ndipo tunahamia silinda namba 4. Magari ya miaka ya mwanzo yalikuja na bolti za jeti za oili zenye matundu mawili, zile zinazorushia oili chini ya pistoni kuipoza, baadaye zikaja za matundu manne. Namba 4 iko nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini na ndiyo inayochubuka mara nyingi kuliko wenzake. Bolti zenyewe ziko chini ya bloku, lazima sampu itoke, kwa hiyo kama unafungua sampu kwa sababu nyingine yoyote na gari ni la mwanzo, zibadilishe hapo hapo.

Neno moja kwa watakaofika kwenye kufungua injini. Kuta za silinda sio chuma cha kawaida, ni mchanganyiko wa alumini na nyuzi unaoitwa FRM, kama kwenye NSX, gari jingine la michezo la Honda. Fundi akikwambia atachonga na kuweka pistoni zozote zinazoingia, chukua gari lako uondoke. Pistoni na ringi lazima ziwe za kuendana na FRM, au bloku iwekwe sliivu za chuma.

Ukimwaga oili kata filta uikunjue karatasi yake kwenye mwanga. Unga wa kijivu kidogo ni kawaida. Vichembe vya rangi ya shaba sio kawaida.

4. Plagi, hasa ya nyuma

Injini iwe imepoa. Toa kava, toa koili, na kabla hujaingiza soketi mulika kila tundu. Ukiona masizi meusi yamezunguka kitako cha plagi, moto umekuwa ukipenya pale, maana yake plagi imelegea. Ukiona oili imejaa tunduni ni sili za tapeti kava, plagi haina kosa.

Sasa ingiza soketi na ekstensheni, usiweke ratcheti bado. Zungusha kwa vidole. Plagi iliyokazwa haisogei. Ikikufuata kwa vidole tu umepata moja ya magonjwa maarufu ya hili gari. Plagi inajilegeza yenyewe, inacheza kwenye nyuzi za alumini mpaka zinaliwa, na siku moja inaruka na nyuzi zake. Namba ya torki ya zamani ilikuwa ndogo ikaja kuongezwa, tumia ile mpya. Plagi za kiwandani ni NGK PFR7G-11S, sioni sababu ya kuzikwepa. Usipake grisi kwenye nyuzi, utakaza kupita kiasi bila kujua.

5. Kompresheni

Rudisha plagi, pasha injini joto la kawaida, zima, acha ipungue moto wa kuunguza mikono. Kata umeme wa injekta na koili, toa plagi zote nne, mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku anapiga staata. Andika namba za silinda zote.

Usihangaike na namba moja moja, linganisha. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi bar 2. Ikiwepo moja iliyo chini tia oili kijiko kimoja ndani yake upime tena, ikipanda ni ringi au ukuta wa silinda, isipopanda ni valvu. Kama unayo hewa ya kompresa pima na uvujaji: hewa ikitokea kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi, ikitokea kwenye intake ni ya intake, ikitokea tundu la oili ni ringi, ikibubujika kwenye rejeta pole sana.

6. Tapeti na retena (siku ya pili, injini baridi)

Hapa ndipo historia ya gari inapojulikana. Muuzaji anaweza kusema lolote, hedi haisemi uongo.

Elewa kwanza kitu kimoja kuhusu limita. Limita inakata mafuta ukiwa unapanda, basi. Haiwezi kukuokoa ukiingiza gia ndogo kwa bahati mbaya, maana hapo magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Piga hesabu: uko gia ya tatu kwenye 9000, unataka ya nne, mkono unavuta kushoto kidogo inaingia ya pili. Uwiano wa tatu ni 1.481, wa pili 2.045, injini inaenda zaidi ya 12,400. Springi za valvu hazifuati tena kamu, na retena ndogo zinazoshika springi juu ya valvu zinapasuka katikati. Za AP1 ndizo zinaogopwa zaidi, za AP2 ni nene kidogo.

Kinachotisha ni kwamba gari linaweza kuendelea kutembea vizuri. Retena imepasuka, vile vishikizi viwili vinavyoibana kwenye valvu vinazama kidogo kidogo, halafu miezi baadaye kwenye resi kubwa valvu inadondoka ndani ya silinda na unabaki unajiuliza umefanya nini siku hiyo.

Kwa hiyo toa tapeti kava na mulika valvu zote 16 moja baada ya nyingine. Usiangalie nyufa kwanza, ni ngumu kuziona chini ya roka. Angalia kimo. Ncha ya kila valvu na vishikizi vyake vinakaa usawa mmoja juu ya retena, ukiona moja ncha yake imezama kuliko jirani zake hiyo retena imekwenda. Peleka kamera karibu utaona ufa kuanzia tundu la katikati.

Afu pima uwazi. Injini iwe chini ya nyuzi 38, silinda unayopima iwe juu kwenye kompresheni, mfuatano wa moto ni 1-3-4-2. Intake 0.21 hadi 0.25 mm, ekzosi 0.25 hadi 0.29. Filagej ipite kwa kukwama kidogo, sio kuteleza bure na sio kulazimishwa. Ukikaza nati pima tena, maana skrubu huwa inafuata nati inabana uwazi, hapa ndipo wanaoanza wanakosea karibu wote. Valvu moja ikiwa na uwazi mkubwa ghafla kuliko wenzake wote usikimbilie kuibana, inaweza kuwa imepinda, rudi kwenye kipimo cha uvujaji.

Kubadilisha retena hakuhitaji hedi kutoka, valvu zinashikiliwa kwa hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Agiza retena na vishikizi vya toleo la baadaye kama seti, usichanganye vipya na vya zamani.

7. Kupoza

Tazama tanki la juu la rejeta, ni plastiki, likigeuka rangi na kuwa na nyufa ndogo pembeni badilisha kabla halijakuchagulia siku. Vistari vya joto kwenye dashibodi vinabaki pale pale kwa tofauti kubwa ya joto, kikipanda kimoja juu ya kawaida yako punguza mwendo mara moja.

8. Gia boksi na difu

Mwaga oili zote mbili hata kama umeambiwa ni mpya. Gia boksi inachukua kama lita moja na nusu, difu kama robo tatu ya lita ya 75W-90 ya GL-5. Usiweke ya difu kwenye gia boksi, sinkro (zinazolinganisha kasi ya gia) hazitaipenda.

Jaribu gia ya pili, ukiwa barabarani, kutoka ya kwanza kwenye resi kubwa. Kukwaruza kidogo ikiwa baridi kunavumilika, kukwaruza ikiwa moto ni sinkro imechoka, AP1 zaidi. Kuilazimisha hakusaidii, inakula meno tu.

Difu ya Torsen yenyewe ni ngumu kwenye kona, ila haivumilii kuondoka kwa kuachia klachi ghafla kwenye 7000. Wanaovunja difu wengi wanavunja hapo, kwenye kuonyeshana. Sauti ya kulia inayobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta ni gia za ringi na pinioni za difu.

9. Chini ya gari

Kuna mlio wa tik moja ukianza kutembea mbele, na tik moja ukirudi nyuma. Ni nati za ekseli za nyuma. Legeza, safisha na paka grisi pale ekseli inapokutana na habu, weka nati mpya ukaze kwa namba mpya ya kitabu. Ni torki kubwa, gari liwe chini kwenye matairi na breki imekanyagwa.

Kama gari limeshushwa na linatetemeka ukikanyaga mafuta tu, vikombe vya ndani vya CV (viungo vya ekseli) vimechimbika sehemu moja. Kabla ya kununua vingine, vihamishe cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, rola zinaenda kwenye upande ambao haujaliwa. Wengi wanaishia hapo wakiwa na raha.

Shika tairi la mbele juu na chini ulitikise, ulegevu wowote kagua boljointi ya chini kwanza. Halafu jaribu kulegeza bolti za alainimenti. Zinashikana na bushi kwa kutu mpaka zinakatwa na grainda, na bora ulijue hilo leo kuliko siku umelipia alainimenti.

10. Breki

Diski za mbele ni mm 300 na kalipa ya pistoni moja, zinatosha kabisa ukiweka pedi za treki na fluidi mpya inayovumilia joto. Usianze na kalipa kubwa. Nati za matairi Nm 108, zikaze tena baada ya kuingia mara ya kwanza.

11. Kuingia treki

Joto la maji likifika kawaida oili bado, endesha taratibu mizunguko miwili ndipo uvuke 6000. Kutoka gia ya tatu kwenda ya nne vuta fimbo moja kwa moja nyuma kwa kiganja kilicho wazi, usiikamate kwa ngumi ukaivuta pembeni. Ukitaka kushusha gia, breki kwanza, gia baadaye.

Ikisumbua

Haivuki 6000 vizuri, VTEC haiji: kiwango cha oili kwanza, joto la injini pili (ikiwa baridi haiji makusudi), halafu solenoidi ya VTEC na chujio dogo kwenye gasketi yake, huziba. Gasketi hiyo hiyo pia huvuja na kuchafua pembeni ya injini ukadhani ni kitu kikubwa.

Sailensi inapanda na kushuka: safisha valvu ya sailensi, tafuta hozi iliyochanika.

Moshi wa bluu ukiachia mafuta halafu ukikanyaga tena: PCV, kisha kompresheni, kisha sili za valvu.

Mlio wa kufyatua taf-taf unaofuata resi, nguvu imepungua ghafla: zima, plagi imelegea. Usiendeshe mpaka nyumbani hivyo.

Gonga zito la chini linaloongezeka na resi: zima hapo hapo ulipo, usijaribu kumalizia mzunguko, vutwa. Mwaga oili, kata filta. Ukikuta zile chembe za shaba ni beringi za konrodi, sampu itoke na krenki ipimwe kabla hujawasha tena hata sekunde moja.